Anti, safari ya Unguja ilikuwa ya marafiki, sasa mama mkwe naye anakuja

Shikamoo anti. Mimi ni msomaji wako wa kimyakimya, niko Morogoro, nimeolewa na tuna watoto wawili, mmoja miaka tisa mwingine minne. Leo nimeamua kuandika maana silali vizuri, na kinachoninyima usingizi ni safari ya starehe, hebu fikiria anti, starehe inaninyima usingizi.

Iko hivi. Tuko marafiki wanne tangu chuo, wote tumeolewa, tumekuwa tukichanga kidogo kidogo kila mwezi ili mwisho wa mwaka huu twende Unguja na waume zetu na watoto. Mimi ndo mweka hazina. Hela iko kwenye laini yangu ya simu, na kila anayetuma naipiga picha ile meseji naitupia kwenye grupu la wasap wote waone, kwa hiyo mpaka hapo hakuna aliyewahi kunisema vibaya. Mpango ulikuwa tushuke Unguja tarehe 27 Desemba tule mwaka mpya hukohuko. Wenzangu niseme ukweli akili zao zote ziko Nungwi, wanataka bichi, muziki, kuogelea, kuvaa wanachotaka na kuamka saa nne bila mtu kuwauliza. Mimi nilitaka na Mji Mkongwe tuuzunguke maana sijawahi kufika, nimechoka kuuona kwenye status za watu, ila nikasema poa tutajipenyeza hata nusu siku.

Sasa baba watoto akamwambia mama yake. Alikuwa anaongea naye kwenye simu tu, mimi niko hapohapo jikoni nakata bamia, nasikia "ndiyo mama, Unguja, eeh, na boti." Ikapita kimya kidogo alafu nikasikia "basi na wewe twende mama, kwani shida iko wapi." Anti kisu kiliganda mkononi. Lakini sikusema kitu, niliendelea na bamia zangu.

Mama mkwe simchukii, naomba nieleweke. Ni mtu mzima, ana miaka 67, magoti yanamsumbua, boti hajawahi kupanda hata siku moja, na ni mama wa kanisa hasa, Anglikana wa kuzaliwa. Alivyokuja kututembelea akaniambia mwenyewe tukiwa tumekaa kibarazani, mwanangu mie nataka nikalione lile kanisa la Mkunazini kabla sijafa, na sokoni ninunue karafuu, hayo ya kuogelea mtaogelea nyie. Nikamwambia sawa mama. Wiki haijaisha wifi yangu akapiga, eti mama hawezi kusafiri peke yake na magoti yale, kwa hiyo na yeye anakuja, na mwanae wa miaka 12 hana wa kumwachia. Sasa hivi ukituhesabu wote tumefika 17.

Nikaona niwaambie wenzangu mapema kuliko wakute watu bandarini. Yaani lile grupu liliwaka. Mmoja akaandika "kwa hiyo tunaenda likizo au tunapeleka mahari?" Mwingine akasema yeye hawezi kukaa na nguo ya kuogelea mbele ya mkwe wa mtu, naomba hela yangu irudi. Wa tatu kasoma, tiki za bluu naziona, hajajibu mpaka leo, na huyo ndo ananitisha zaidi.

Nikamfuata mume wangu. Yeye anaona mimi ndo nakuza mambo. Anasema familia ni familia, hela ya mfuko ipo tutabana tu mle mle watatoshea. Alafu ana wazo lake kwamba tukodi koasta moja, tulale sehemu moja, na kila asubuhi tutoke wote tuzunguke wote turudi wote, maana tumekuja pamoja. Anti huo mtindo tulishaujaribu Bagamoyo. Muda wa kutoka mmoja yuko bafuni, mmoja anatafuta chaja, mtoto wa mwingine kalala, tukaja kufika magofu ya Kaole jua liko utosini, chakula cha mchana tukala saa kumi jioni, watu walinuniana kwenye gari mpaka Chalinze huko.

Sasa nashindwa hata kuanzia wapi. Nimwambie mume amkatalie mama yake? Nikifanya hivyo nitakuwa mkwe mbaya maisha yangu yote. Nivunje tripu nirudishe hela za watu? Au niwaache marafiki zangu waende zao na mimi niende na ukoo? Na kama kuna namna ya kuwapeleka wote bila vita naomba unielekeze kabisa, pa kwenda na pa kulala, maana mimi sipajui.

Nimesahau kitu kimoja, wifi anasema ili kubana bajeti yeye na mwanae watalala chumba chetu, watatandika chini.

Mweka Hazina, Morogoro


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Hiyo ya mahari nimeicheka peke yangu mpaka jirani akauliza kuna nini.

Tuanze na hela maana hapo ndipo penye moto, mengine yote ni moshi. Hela iliyo kwenye laini yako si ya mumeo, na si yako pia, ni ya familia nne zilizochanga zikijua zinachangia nini. Mumeo ana haki zote za kumwalika mama yake, ni mama yake, lakini mgeni wako unamlipia wewe. Nauli ya boti ya mama, chumba chake, chakula chake, na vya wifi na mtoto wake kama wifi hana, vinatoka kwenye mfuko wa nyumba yako au mfuko wa mumeo, na kwenye mfuko wa grupu isitoke hata mia. Anayesema tutabana mara nyingi anazibana za wenzake. Mwambie hivyo leo, kwa upole, watoto wakishalala, na umwambie pia kwamba siku ile ya bamia uliumia. Hajui. Wewe ulinyamaza ukaendelea kukata mboga, yeye akahesabu umekubali, sasa anashangaa hizi kelele zimetoka wapi.

Mkishakubaliana, andika kwenye grupu maneno machache tu, usijieleze sana. Kitu kama: "Jamani mama na wifi wanajilipia kila kitu kupitia kwetu, mfuko haujaguswa na hautaguswa. Watakaa mjini siku mbili za mwanzo kisha wanarudi bara, Nungwi ni sisi kama tulivyopanga. Anayetaka hela yake aniambie ndani ya wiki hii nimrudishie bila kinyongo." Mimi naamini huyo aliyedai hela hatachukua. Na yule wa kimya usimsubiri kwenye grupu, mpigie simu.

Nimeshakupa siri ya mpango mzima hapo, lakini ngoja nikuonyeshe nimeutoa wapi, maana umo kwenye barua yako mwenyewe. Marafiki zako wanataka Nungwi. Mama anataka kanisa la Mkunazini na karafuu, kasema kwa mdomo wake, na kuogelea kakuachieni. Wewe unautaka Mji Mkongwe. Kati ya watu wote 17 anayetaka kuongozana kutwa nzima ni mmoja tu, mumeo. Kwa hiyo huna haja ya kumkatalia mtu yeyote kuja, unachokataa ni lile koasta.

Na hata mngelipenda, Mji Mkongwe haupendi makundi. Vichochoro vyake gari haipiti, kuna mahali watu wawili wakipishana na pikipiki lazima mmoja ajibane ukutani. Mkiongozana wote 17, wa mbele wameshafika Hurumzi wa nyuma bado wanauliza bei ya kikoi mtaa wa Gizenga, mnaachana kwenye kona, nusu saa mnapigiana simu "uko wapi, mimi niko kwenye mlango wa misumari," na milango ya misumari imejaa mji mzima. Hilo gari lingekaa nje limepaki linakula hela. Gari mkodi siku ya kwenda Nungwi tu, ni mwendo wa zaidi ya saa moja hivi, basi.

Kwa hiyo usiku mbili za mwanzo laleni mjini wote, mama akiwemo. Mchana kila kundi linakwenda linakotaka. Jioni saa kumi na mbili mnakutana Forodhani, bustani ya baharini, mnakula pamoja. Hiyo ndiyo miadi pekee ya siku, asiyefika saa hiyo atawakuta mnakula.

Asubuhi ya kwanza mumeo ampeleke mama yake kanisani. Yeye, si wewe. Alimwalika, na nadhani ni muda mrefu hawajapata asubuhi ya peke yao. Waende mapema kabla ya jua na kabla ya makundi ya watalii. Lile kanisa limejengwa palepale lilipokuwa soko la watumwa, soko alilolifunga Sultani Barghash mwaka 1873, na madhabahu yamewekwa pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, huyohuyo aliyekuwa anakusanya hadithi na kuandika sarufi ya Kiswahili. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa kule kijijini Zambia alikofia mmisionari Livingstone, mama wa Anglikana wa kuzaliwa ataujua tu hata kabla hajaambiwa, mwacheni akae kwenye benchi atakavyo, asiharakishwe na mtu wa kutembeza wageni. Kuna vyumba vya chini ya ardhi ambavyo watu huonyeshwa, dari iko chini sana unaingia umeinama na kuna ngazi za kushuka, kwa magoti yale sishauri. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo, hizo ataziona akiwa amesimama juu. Huyo mtoto wa wifi wa miaka 12 naye aende, umri huo anaelewa. Wako wa miaka minne hapana, atataka kuwashukia kule shimoni.

Kutoka hapo soko la Darajani ni hatua chache. Aingie sokoni kwenyewe, asinunue zile pakiti ndogo zilizopangwa kwenye vikapu vya ukindu, zile ni za wazungu. Achukue karafuu kwenye kiganja, azinuse, avunje moja kwa kucha, ikiwa na mafuta ataiona. Achukue na mdalasini wa magome na hiliki. Za kupikia pilau nyumbani na za kugawia akina mama wa kanisani hakuna neno, ila asije akashawishika kubeba gunia, kwa sababu karafuu ya biashara kule inanunuliwa na shirika la serikali na magendo yake ni kesi. Wakimaliza arudi kupumzika. Saa sita mpaka saa tisa Desemba Unguja hakuna anayetembea kwa hiari yake.

Wewe asubuhi hiyohiyo chukua watoto wako wawili na marafiki muende Changuu, kile kisiwa kinachoonekana palepale mbele ya mji. Kilijengwa gereza mwaka 1893 lakini wafungwa hawakukaa, pakawa mahali pa kuwatenga wagonjwa wanaoshuka melini. Watoto hayo hayatawahusu, wao watataka kobe. Kuna kobe wakubwa ambao babu zao waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, unawalisha majani mkononi, wanakunja shingo ukiwakuna. Mashua mnapatana bei ya chombo kizima, sio ya kichwa, mnakubaliana saa ya kurudi, na nusu ya hela mnatoa mkisharudi. Kabla hujapanda dai laifu jaketi za watoto, za ukubwa wao, na uzione kwa macho. Akikwambia zipo huko mbele tafuta mashua nyingine. Mkipewa na wazo la Nakupenda, lile fungu la mchanga mweupe, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, maana likijaa linafunikwa lote mnabaki mnaangalia bahari.

Mchana kuleni urojo. Sikuelezi ni nini, nunua bakuli moja kwanza muonjane.

Jioni sasa. Forodhani wenyeji na wageni wote wanaishia pale, kuna vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani kwa kuruka samasoti, na mwanao wa miaka tisa atataka kuwaiga kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi hiyo tu ya kumshika. Kwenye chakula ndipo wageni wanapolizwa. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijaguswa moto, na urudie kwa sauti: huu mshikaki mmoja, sio sahani. Ukishakula ndo unauliza utaambiwa hesabu ya harusi. Pweza na kamba waliokaa kwenye meza tangu alasiri waachieni wale paka wa pale, hawajambo kwa afya. Ile wanayoita pizza ya Zanzibar inatengenezwa mbele yako, hiyo salama, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi mnywe mpaka mchoke. Nyuma yenu kuna Ngome Kongwe waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, na Beit al-Ajaib, jumba la kisultani la mwaka 1883, ila hiyo msiwaahidi watoto kwamba wataingia, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati na kazi ya kuirudisha ni kubwa.

Wale mapapasi, vijana wanaowinda wageni, watakaokufuata "dada karibu, tua, spaisi, dolfini," jibu kwa Kiswahili chako cha Moro huku unatembea, wengi watacheka watakuacha. Na wenzako waambie mapema, mjini mabega na magoti yafunikwe, kila mmoja awe na kanga kwenye mkoba. Nguo za kuogelea zinasubiri Nungwi, na huko mkwe wa mtu hatakuwepo.

Kulala. Nyumba za kale zilizogeuzwa hoteli ni nzuri kwenye picha, lakini ngazi zake ni za mbao, zimesimama wima, na lifti hamna. Kabla hujatuma hela piga simu uulize chumba cha mama kiko ghorofa ya ngapi, wakikwambia "ya kwanza tu" uliza ngazi ngapi, mwambie azihesabu wewe ukiwa kwenye simu. Unataka chumba cha chini, chenye choo ndani. Hilo ndilo litakaloamua kama mama atafurahi au ataonea mji dirishani.

Tarehe 27 imo kwenye siku ghali kuliko zote mwaka mzima, dunia nzima inataka kula mwaka mpya Nungwi. Kama waume zenu wanaweza kupata likizo mara tu shule zikifungwa, nendeni mapema Desemba, manyunyu ya vuli yanaweza kuwagusa lakini vyumba vinapatikana kwa bei ya kibinadamu. Kama hamuwezi, lipieni sasa. Na mtu asiwashawishi kuhamia Paje, ile bichi ya upande wa mashariki, kwa sababu ya bei, Paje ni pazuri sana ila maji yakitoka yanatoka kweli, unatembea kuyafuata mpaka unachoka, wakati Nungwi mnaogelea saa yoyote, na nyie mna watoto.

Sasa kumwambia mama. Mumeo ampigie yeye, kabla tiketi hazijanunuliwa: mama, tumekupangia siku mbili za mjini, kanisani na sokoni, kisha nitakupandisha boti mwenyewe na dada mnarudi, sisi tunaendelea kaskazini na wenzetu. Asiseme "utachoka mama" wala "kule hakukufai", mzee akiambiwa hivyo atataka kwenda mpaka Pemba. Akijua mapema amekuja kwa siku mbili, siku mbili zitamtosha, ila akigundua siku ya tatu asubuhi kwamba anarudishwa, hilo litasemwa kwenye vikao vyenu mpaka wajukuu waoe. Na ukijipata unawaza kwamba mama abaki awalee watoto nyie mkacheze muziki, acha. Hakuja kuwa dada wa kazi. Watoto wako utakwenda nao Nungwi kama mlivyopanga tangu mwanzo.

Akisema na yeye anataka Nungwi? Sidhani, lakini akisema, aende, mumeo alipe, na nyie familia mlale nyumba nyingine karibu na kijiji, marafiki walale kwenye muziki. Mtakutana majini.

Boti isimtishe. Ni kama saa mbili tu kutoka Dar. Kwa nyie wa Moro treni ya umeme imerahisisha, ila msibanane treni na boti, acheni masaa kadhaa katikati, kutoka stesheni mpaka bandarini foleni ya Dar mnaijua. Ale kitu kikavu chepesi, pilau la kuagana lisubiri. Asubuhi hiyo muulizeni mtu wa duka la dawa kidonge cha kichefuchefu cha safari kinachomfaa, na mtaje dawa nyingine anazotumia. Ndani ya boti akae chini, katikati kuelekea nyuma, huko hakurushi sana, na asiangalie simu. Tiketi nunueni dirishani kwenyewe au kwenye mtandao wa kampuni ya boti, wale vijana wa nje wanaosema "mama njoo huku haraka" wapiteni. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, bei ya Mtanzania inatolewa kwa kitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto tieni kwenye begi. Siku ya kurudi awepo mtu wa kumpokea Dar, hata binamu, wifi peke yake na mtoto na mizigo na karafuu atachanganyikiwa.

Na wifi kutandika chini chumbani kwenu, hapana. Mpe chumba kimoja na mama na mwanae, cha vitanda vitatu, huko chini kwenye kile cha ngazi chache. Mama mwenye magoti anahitaji mtu wa kumwita usiku, na hiyo ndiyo sababu wifi mwenyewe aliyoitoa ya kuja. Mkumbushe kwa maneno yake.